Pampu ya Oili Ibaki: Kufufua Yamaha AG100 kwa Vipimo

Kila fundi aliyeitazama pikipiki yangu ya Yamaha AG100 alianza na ushauri mmoja: toa pampu ya oili, ziba tundu lake kwa kipande cha bati, kisha uwe unachanganya oili na petroli kwenye tenki. Mzee mmoja mwenye gereji hapa Iringa, ninayemheshimu sana na ambaye amefungua injini nyingi za tustroki (zile zinazounguza oili pamoja na petroli) kuliko nitakazowahi kuziona, aliniambia, "Mwanangu, pampu hizi zimeua injini za watu. Changanya mwenyewe ulale usingizi." Nikamjibu, "Mzee wangu, nimekusikia, ila hii naibakiza." Haya ndiyo maelezo niliyopaswa kumpa siku ile kama pasingekuwa na wateja wanamsubiri. Nitaingia pia kwenye breki, kwa sababu nimeona pikipiki za zamani zimepakwa rangi mpaka zinang'aa huku breki zake zimefungwa kwa kukisia, na jambo hilo linaniumiza.

AG100 si pikipiki ya mapambo. Yamaha waliitengenezea wakulima wa Australia na New Zealand, ndiyo maana ina keria mbele na nyuma, stendi kushoto na kulia ili uiegeshe hata shambani kwenye mteremko, na cheni iliyofunikwa isile vumbi wala matope. Huku kwetu ilikuja kwa mabwana shamba, mapadri, wauguzi wa zahanati na watu wa miradi ya maji. Ukikuta moja imelala kwenye banda la mahindi, uliza, na mara nyingi utaambiwa mwenyewe ni mtumishi mstaafu. Injini ni ya silinda moja, sisi (cc) 97, inapozwa na upepo.

Vijana waliojifunzia ufundi kwenye bodaboda wanaikuta injini hii ikiwa ngeni kabisa kwao, na siwalaumu. Boxer, TVS na Haojue ni fostroki. Oili unayomwaga kule chini inalainisha kila kitu, kuanzia gia mpaka pistoni. Kwenye tustroki oili ya chini ni ya gia na klachi peke yake. Pistoni, ringi na beringi za krankshafti hazipati hata tone la oili ile, kwa sababu mchanganyiko wa hewa na petroli unapita ndani ya krankesi, yaani kasha la krankshafti, kwanza ndipo upande kwenye silinda. Oili ya kuzilainisha lazima iingie na mchanganyiko huo, iungue, itoke ikiwa moshi. Nimeshamsikia mtu akijisifu kwamba pikipiki yake ya tustroki haitoi moshi kabisa tangu aifunge upya. Nilimwomba aizime palepale.

Zamani karibu kila mtu alichanganya kwenye tenki. Mwaka 1964 Yamaha wakatoa YA-6, ya daraja la sisi 125, ikiwa na tenki lake la oili na pampu waliyoiita Autolube. Wazo lake ni zuri mno. Pampu inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikikimbia nayo inapiga mara nyingi zaidi. Halafu waya unaotoka kwenye mkono wa akselereta unagawanyika katikati: tawi moja linakwenda kwenye kabureta, lingine kwenye pampu, na hilo la pili linarefusha au kufupisha pigo la pampu. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma akselereta ikiwa imefungwa, inapata oili kidogo, takriban 1 kwa 100 ya petroli. Ukifungua akselereta yote inapata nyingi, takriban 1 kwa 20. Ukichanganya kwenye tenki unachagua kipimo kimoja tu, na hicho kitakuwa kingi mno ukiwa kwenye foleni na kidogo mno ukiwa na gunia mbili nyuma unapanda mlima.

Lakini hoja inayonishinda kuachana na pampu ni mlima Kitonga. Unashuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, akselereta umeifunga, gia umeishusha, gurudumu ndilo linaloizungusha injini na linaizungusha kwa kasi. Kwa aliyechanganya kwenye tenki, petroli ikikatika oili nayo imekatika, ilhali pistoni inapanda na kushuka vilevile. Wakongwe walilijua hili, ndiyo maana ukiwasikiliza wakishuka wanafungua akselereta kidogo kila baada ya kona mbili tatu, kuilisha injini. Pampu iliyofungwa sawasawa haihitaji hila hiyo. Hata akselereta ikiwa imefungwa kabisa, ina pigo la chini ambalo haliishi, na kwa kuwa injini inakimbia, pigo hilo dogo linapigwa mara nyingi. Oili inaendelea kuingia mpaka unafika chini.

Sasa, mafundi hawasemi uongo wanaposema pampu zimeua injini. Nimejaribu kufuatilia kila injini niliyoambiwa iliuawa na pampu, na kwa kadiri nilivyoona, pampu yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoua ni hewa kwenye mpira wa kupitishia oili, au waya, au tenki la oili lililoziba.

Nianze na waya, maana ndio unaoua kimyakimya. Ule waya wenye matawi mawili ni spea adimu. Ukikatika, fundi anakwenda dukani anarudi na waya mmoja wa pikipiki nyingine, anaufunga kwenye kabureta, na pikipiki inawaka vizuri kabisa. Pampu imeachwa bila waya, kwa hiyo imebaki kwenye pigo lake la chini daima. Mjini hutaona shida. Siku utakapopanda mlima mrefu akselereta ikiwa wazi, injini inalishwa petroli ya mlimani na oili ya sailensi. Inavuta vizuri, moshi umepungua, unafurahi. Ghafla nguvu inaanza kuisha, mlio unabadilika unakuwa mwembamba, na pistoni inanata kwenye silinda. Gurudumu la nyuma linajifunga palepale ukiwa kwenye lami. Usiposhika klachi kwa wakati utaanguka. Ndiyo maana siwezi kuzungumzia pampu na breki kwa kuzitenga: pampu ikifungwa vibaya inakuwa breki ambayo hukuikanyaga.

Kufunga pampu kunaanza na usafi. Pikipiki iliyolala miaka ina oili iliyoganda kama jeli chini ya tenki la oili, na chujio lake limefunikwa. Toa tenki, lioshe kwa petroli, likauke kabisa. Halafu tafuta tundu la pumzi la tenki hilo. Kwenye yangu nyigu walikuwa wamelijaza udongo wakajenga. Tundu hilo likiziba, oili inatoka kidogo kidogo mpaka ndani ya tenki kunakuwa hakuna hewa ya kuisukuma, na pampu inavuta bila kupata kitu. Utatafuta ubovu kwenye pampu wiki nzima, kumbe udongo wa mdudu.

Pampu iko upande wa kulia, chini ya kifuniko chake. Skurubu zake ni za Kijapani. Zinafanana na zile za nyota za kawaida lakini mfereji wake una umbo tofauti, na bisibisi ya kawaida inazitafuna kichwa. Tafuta bisibisi inayozifaa, au ile ya kugonga kwa nyundo, kabla hujazigusa.

Ukishaitoa, angalia gia yake. Kwenye pampu nyingi za aina hii gia ni ya plastiki ngumu, inashikwa na pini nyembamba. Plastiki ikiwa na ufa hata wa unywele, isirudi. Badilisha oili sili ya shafti na oringi, hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu upande mmoja wa sili ile kuna oili ya tustroki na upande wa pili kuna oili ya gia. Sili ikichoka, oili ya tustroki inavuja polepole kuingia kwenye gia. Tenki la oili linapungua, unadhani injini inakunywa vizuri, kumbe injini haipati kitu.

Kuna kijipira cha chuma na springi ndogo kwenye njia ya kutolea oili, kazi yake ni kuruhusu oili iende mbele tu. Watu wengi wanafungua boliti ile, springi inaruka, inapotelea kwenye mchanga wa gereji, na pikipiki inafungwa bila hiyo. Hapo oili inashuka yenyewe usiku mzima mpaka kwenye krankesi, na asubuhi ukiwasha unawafukizia majirani wote moshi. Fungulia boliti hiyo juu ya sinia au kitambaa cheupe. Ijaribu kwa bomba la sindano: upande mmoja oili ipite ukisukuma, upande wa pili igome. Washa zake (vipete) za shaba weka mpya.

Unaporudisha pampu, gaskiti mpya, na pampu ikae mahali pake kwa mkono. Ikigoma kukaa, usiivute kwa skurubu. Zungusha krankshafti kidogo mpaka meno ya gia yakutane, itaingia yenyewe. Anayekaza skurubu ili pampu iingie anavunja meno ya plastiki, na hatajua mpaka siku injini inaponata.

Kipimo kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike "kwa vipimo" kwenye kichwa cha makala. Mbele ya pampu kuna kijigurudumu cheupe cha kuzungushia kwa kidole. Akselereta ikiwa imefungwa, kizungushe taratibu huku ukiangalia sahani ndogo iliyo mbele ikitoka na kurudi. Ikifika mwisho wa kutoka, ingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya sahani hiyo na puli (kigurudumu kinachovutwa na waya). Kwenye Yamaha nyingi za enzi hizo nafasi inatakiwa iwe milimita 0.20 hadi 0.25. Ikizidi au ikipungua, fungua nati ya mbele, ongeza au punguza washa nyembamba iliyo chini ya sahani, pima tena. Hilo ndilo pigo la chini nililolisema kwenye mteremko wa Kitonga. Ni unene wa karatasi mbili tatu tu, na uhai wa pistoni unapimwa hapo.

Waya ufungwe mwisho, na kwa mpangilio: kwanza tawi la kabureta na sailensi ikae sawa, ndipo tawi la pampu. Ukianza na pampu, kila utakapogusa kabureta utakuwa umeiharibu. Kwenye puli ya pampu kuna alama, na mbele yake kuna pini. Kwenye Yamaha nyingi za zamani, akselereta ikizungushwa kidogo tu, kiasi cha kumaliza ulegevu wa waya, alama na pini vinatakiwa vikutane. Baadhi ya modeli zina utaratibu wao, kwa hiyo kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Halafu hewa. Mapigo ya pampu hii ni madogo sana, na kiputo cha hewa chenye urefu wa kidole ndani ya mpira kinachukua muda mrefu kupita, na muda wote huo injini iko kavu. Jaza tenki kwa oili ya tustroki, kopo liwe limeandikwa 2T na daraja la JASO, FC ikipatikana. Oili ya dizeli au ya bodaboda isikaribie hapo. Fungua skurubu ya kutolea hewa, vuta waya wa pampu mpaka mwisho, zungusha kile kijigurudumu cheupe mpaka oili itoke bila kiputo hata kimoja, kisha funga ukiwa na washa yake. Mpira unaokwenda kwenye injini ujaze kwa bomba la sindano kabla ya kuufunga. Mpira uwe wa kuona ndani. Na tenki la kwanza la petroli nililichanganya na oili, 1 kwa 50, juu ya ile ya pampu. Itafuka moshi mwingi, acha ifuke. Bandika kipande cha solotepu kwenye usawa wa oili tenkini, uangalie kama unashuka kadiri unavyoendesha. Ukishuka, pampu inafanya kazi.

Breki sasa. AG100 ina breki za dramu mbele na nyuma: shuu mbili zenye lainingi zinatanuka na kusugua ndani ya dramu inayozunguka na gurudumu. Tustroki haizuii sana mwendo unapoachia akselereta, tofauti na fostroki, kwa hiyo kwenye mteremko mzigo wote unaziangukia breki mbili hizo.

Kabla ya chochote: lainingi za pikipiki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Nimewaona mafundi wakifungua dramu na kupuliza kwa kompresa, watoto wamesimama pembeni wakitazama. Tafadhali, loweka vumbi kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa, na ufunike pua na mdomo.

Dramu ipimwe ndani, wima na ulalo. Vipimo vikitofautiana dramu imekuwa yai, na utaisikia breki ikipiga mapigo mkononi. Breki shuu za kununua Kariakoo ni nzuri ukipima kipenyo na upana kabla ya kulipa, kwa sababu zile zinazokaribiana na za bodaboda zinaingia ila zinagusa kwa ncha tu. Mimi napaka chaki ndani ya dramu, nafunga shuu, nazungusha gurudumu nikikandamiza breki kidogo, kisha nafungua. Palipokamata chaki ndipo panapogusa. Napiga msasa hapo, narudia, mpaka chaki ienee sehemu kubwa ya lainingi. Ni kazi ya uvumilivu na inalipa kuliko kitu kingine chochote kwenye breki ya dramu. Ncha za lainingi zikatwe kwa mshazari zisikwaruze. Kamu, kile chuma kinachogeuka kusukuma shuu, ipakwe grisi ya kustahimili joto, nyembamba, isibaki ya kudondoka. Lainingi ikishalowa grisi au oili, kuiosha kwa petroli hakuiponyi.

Mkono wa kamu, ule unaovutwa na waya au fimbo, unakaa kwenye meno. Breki ikikamatwa, pembe kati ya mkono huo na waya inatakiwa iwe karibu nyuzi 90, ndipo nguvu yako inafika yote. Shuu zikilika pembe inapotea na breki inalegea. Njia ya mkato inayotumika mitaani ni kuvua mkono na kuusogeza jino moja mbele, breki ikaze tena. Jamani, msifanye hivyo. Kamu ina kikomo. Shuu zikiwa zimekwisha, kamu inaweza kugeuka ikavuka kilele chake, na springi hazina tena uwezo wa kuirudisha. Breki uliyoikamata haiachii, na gurudumu limejifunga.

Kuna kosa jingine linalofunga gurudumu, na hili ni la dakika moja tu wakati wa kufunga. Sahani ya breki ya mbele, ile inayobeba shuu, ina mfereji unaopaswa kuingia kwenye kijino kilichopo kwenye foku. Kijino hicho ndicho kinachoizuia sahani isizunguke na gurudumu. Ukifunga ekseli bila kuhakikisha kimeingia, gurudumu litazunguka vizuri, utaridhika, utatoka. Breki ya kwanza ya nguvu, sahani inazungushwa, inavuta waya, waya unazidi kukaza breki, na wewe unapita juu ya usukani. Weka kidole chako pale na uguse kwamba kijino kimo ndani. Nyuma kazi hiyo inafanywa na fimbo inayoishika sahani: boliti zake zote mbili, nati, na kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) mpya. Waya wa kufungia magunia si kotapini.

Kabla hujakaza nati ya ekseli, zungusha gurudumu, kamata breki kwa nguvu, na uikaze nati huku umeikamata. Shuu zitaivuta sahani ijipange katikati ya dramu yenyewe. Hatua hii haichukui muda wowote na bado wengi wanairuka, halafu wanalalamika breki za dramu hazina nguvu. Ulegevu wa mkono wa breki ya mbele uwe milimita 5 hadi 8 kwenye ncha, pedali ya nyuma milimita 20 hadi 30, na gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

Safari ya kwanza isiwe Kitonga. Zunguka mtaani, kamata breki kwa upole mara nyingi, usimame uguse habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa, ya kuunguza maana yake breki inashika bila kuachia. Angalia solotepu kwenye tenki la oili, angalia mpira kama una viputo. Baada ya wiki ya kuendesha, fungua kifuniko cha oili ya gia upime usawa wake. Kama umepanda juu ya ulipouacha, sili ya pampu inavuja: vua pampu, badilisha sili, pima tena ile nafasi ya 0.20 hadi 0.25, na utoe hewa upya kuanzia mwanzo.